Gari la Mtumba: Kazi ya Mwenye Gari na Kazi ya Fundi

Magari mengi madogo yanayoonekana katika barabara za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi yaliendeshwa kwanza Japani. Huko, gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, kwa utaratibu uitwao shaken. Breki hupimwa, moshi hupimwa, taa hupimwa, na gari lisilofaulu halirudi barabarani mpaka litengenezwe. Gharama za ukaguzi huo, pamoja na kodi na bima zinazoambatana nao, ni moja ya sababu zinazowafanya Wajapani wengi kuuza magari yakiwa bado na nguvu. Ndiyo hayo yanayoshushwa bandarini huku. Kenya huzuia kuingizwa kwa gari lililopita miaka minane. Tanzania huruhusu la zamani zaidi, ila hulitoza ushuru wa ziada wa uchakavu. Kisichoshushwa pamoja na gari ni ule mkono wa sheria uliokuwa ukilipeleka gereji kila miaka miwili. Kazi hiyo humwangukia mnunuzi, naye mara nyingi hajui kwamba amekabidhiwa.

Kuangalia ni kazi ya mwenye gari: oili, maji ya rejeta, upepo wa matairi, taa za dashibodi, mlio mpya, doa chini ya mahali gari lilipolala. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji spana. Kutengeneza ni kazi ya fundi. Hasara huja mipaka hii inapovukwa kwa upande wowote ule, dereva anapomwachia fundi hata kuangalia kiwango cha oili, au anapofika gereji akiwa ameshaamua spea ya kubadilishwa kwa sababu jirani mwenye gari kama lake alibadilisha hiyo hiyo.

Kinachoua injini nyingi kabla ya wakati wake ni joto, na hapo ndipo panapostahili maelezo marefu.

Injini ya petroli hufanya kazi vizuri maji yake yakiwa karibu na nyuzi joto 90. Hiyo si mbali na kuchemka. Pwani, maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, huchemka kwa nyuzi 94 tu. Gari haliwezi kuishi ndani ya nafasi finyu kiasi hicho, na kwa sababu hiyo mfumo wa kupoza injini hufungwa kwa mfuniko wenye springi. Mfuniko hushikilia mgandamizo, na maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Kulanti ikiongezwa, kiwango cha kuchemka hupanda zaidi. Mfuniko uliolegea springi, kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye rejeta, unaweza kulifanya gari zima lichemshe bila rejeta yenyewe kuwa na kosa.

Wengi huamini kulanti ni dawa ya baridi ya Ulaya isiyo na kazi katika nchi za joto. Kuzuia maji yasigande ni kazi yake moja tu. Nyingine, iliyo muhimu zaidi huku, ni kuzuia kutu na kulainisha pampu ya maji. Maji ya bomba yana madini, na maji ya visima vingi vya Dar es Salaam na Mombasa yana chumvi. Yakizunguka ndani ya injini ya alumini kwa mwaka mmoja au miwili, hula chuma, huacha magaga, na huziba mirija myembamba ya rejeta. Maji yakigeuka rangi ya kahawia, kutu imeshaanza. Kiasi cha nusu kwa nusu cha kulanti na maji yasiyo na madini hufaa magari mengi, na kulanti inayouzwa ikiwa imeshachanganywa haihitaji kuongezwa maji tena.

Kuna tabia moja ya gereji zetu ambayo ni vigumu kuitetea: kutoa themostati. Themostati ni mlango mdogo unaofunga njia ya maji mpaka injini ipate moto, kisha hufunguka, kwa kawaida kati ya nyuzi 80 na 90. Gari likichemsha, mafundi wengine huing'oa na kuitupa. Kuanzia hapo injini hutembea ikiwa baridi, hula mafuta mengi, na tatizo la kweli, liwe rejeta iliyoziba au feni isiyozunguka, hubaki limejificha. Katika baadhi ya injini, themostati pia huziba njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta kabisa, na gari lililokuwa likichemsha mlimani huendelea kuchemsha. Themostati mbovu hubadilishwa, haitolewi.

Dereva makini anaweza kumrahisishia fundi kazi kwa kutaja tu ni lini joto lilipanda. Likipanda kwenye foleni na kushuka gari linapokimbia, wa kushukiwa wa kwanza ni feni, kwa kuwa upepo wa mwendo unafanya kazi ambayo feni imeshindwa. Likipanda kwenye mwendo kasi au mlimani, rejeta imeziba au maji yamepungua. Likipanda hovyo bila mpangilio, upo uwezekano wa hewa kunaswa ndani ya mfumo, au maji kuvuja. Magari mengi madogo ya karibuni hayana mshale wa joto. Yana taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi na nyekundu inayowaka ikiwa imezidi moto. Nyekundu hiyo ikiwaka, muda wa kufikiri umekwisha. Tena haiaminiki kila mara: maji yakimwagika yote, kifaa cha kupima joto hubaki hewani na huweza kukosa kuonyesha chochote huku injini ikiungua.

La kufanya ni kuzima kiyoyozi, kuegesha palipo salama na kuzima injini. Kama hapana pa kuegesha, kuwasha hita ya ndani kwa nguvu zote, pamoja na taabu yake, hutoa sehemu ya joto la injini. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, maana maji yaliyobanwa hulipuka kama mvuke mara yanapopata upenyo, na huunguza uso na mikono. Nusu saa ni kiasi cha chini cha kusubiri. Kumwagia injini maji baridi ili ipoe haraka huweza kupasua silinda hedi.

Kuongeza maji na kuendelea na safari huvumilika mara moja tu, tena kwa kwenda gereji. Gari lililochemsha likapoteza maji kwa mara ya pili ni la kuvutwa. Alumini ya silinda hedi hupinda kwa joto, gasketi hupasuka, na maji huanza kuchanganyikana na oili. Dalili zake zinafahamika: moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata moto, mapovu kwenye rejeta injini inaponguruma, na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo hedi hufunguliwa, na kazi hiyo ina kipimo kimoja cha kumpambanua fundi anayejua. Anayejua huipeleka hedi ikapimwe unyoofu na kusawazishwa kwa mashine kabla ya kuifunga gasketi mpya. Anayebadilisha gasketi peke yake humrudisha mteja baada ya miezi michache, na mteja hulipa kazi ile ile mara mbili.

Oili huangaliwa asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali pa tambarare. Kijiti huvutwa, hufutwa, hurudishwa mpaka mwisho, kisha huvutwa tena na kusomwa. Injini ya lita moja na nusu iliyo kwenye Toyota IST na Probox nyingi, na kwenye baadhi ya Vitz, hubeba oili isiyofika lita nne. Kupungua lita moja ni kupoteza robo. Weusi wa oili si kipimo cha kuisha kwake, kwa sababu kazi ya oili ni pamoja na kubeba masizi. Kipimo ni kilomita na muda. Kwa oili ya kawaida, kilomita 5,000 ni desturi nzuri. Sintetiki bora huenda mbali zaidi. Gari linaloshinda kwenye foleni huchakaza oili kuliko kilomita zinavyoonyesha, kwa maana injini hunguruma saa nzima huku magurudumu yamesimama.

Uzito wa oili huleta mabishano yasiyo ya lazima. Injini nyingi za Kijapani za miaka ya 2000 na kuendelea zilitengenezwa kwa oili nyepesi kama 5W-30, na za karibuni zaidi kwa 0W-20. Njia zake za oili ni nyembamba, na mfumo wa kubadili majira ya vali, ule unaoitwa VVT-i kwa Toyota, husukumwa na mgandamizo wa oili yenyewe. Kuzijaza 20W-50 kwa hoja kwamba nchi ni ya joto ni kuzinyima oili sehemu ambazo zinaihitaji mapema zaidi, asubuhi injini inapowashwa. Oili nzito ina mahali pake kwenye injini kongwe iliyochoka, na fundi ndiye wa kulisema hilo baada ya kupima. Taa nyekundu yenye umbo la birika la oili nayo hueleweka vibaya: haisemi kwamba oili imekaribia kupungua, husema kwamba mgandamizo umepotea. Injini huzimwa pale pale, hata kama nyumbani ni mita 500 mbele.

Gia boksi ndiyo sehemu inayoadhibu kosa la oili bila msamaha. Magari mengi madogo ya Japani yana gia boksi ya CVT, isiyo na gia za kawaida, inayotumia mkanda wa chuma uliobanwa kati ya magurudumu mawili yanayobadilika upana. Mkanda huo hushika kwa msuguano, na mafuta yake hutengenezwa ili yaruhusu msuguano huo. Nissan ina aina zake, NS-2 na NS-3. Toyota na Honda zina zao. Haidroliki ya kawaida ya gia boksi za otomatiki ikimwagwa humo, mkanda huteleza, chuma huchimbika, na gari huanza kutetemeka linapoondoka. Kubadilisha mafuta ya CVT si kazi ya kituo cha kuoshea magari. Ni ya fundi anayesoma maandishi kwenye kijiti au kwenye kitabu cha gari kabla ya kufungua kopo.

Mkanda wa taimingi, kwa injini zinazoutumia, hubadilishwa kwa kilomita na haungojwi mpaka utoe dalili, kwa sababu hautoi. Kilomita 100,000 ndicho kipimo cha injini nyingi za Kijapani. Subaru nyingi za zamani zina mkanda huo, na ukikatika, vali hugongana na pistoni. Injini za mnyororo, kama hiyo ya IST na Probox, zimesamehewa gharama hii, mradi oili ibadilishwe kwa wakati.

Yapo makosa yanayoweza kungoja mwisho wa mwezi na yasiyoweza. Kiyoyozi, kioo kisichoshuka na mlango unaolia vinaweza. Breki, usukani na matairi haviwezi.

Breki pedi zinazokaribia kuisha hupiga kelele nyembamba, na nyingi zina kibati kilichowekwa makusudi kipige kelele hiyo. Baadaye kelele hugeuka mkwaruzo wa chuma kwa chuma, na disiki huharibika nazo. Mafuta ya breki yakishuka kwenye kopo lake, ama pedi zimelika ama kuna mahali panavuja. Kuyaongeza bila kutafuta sababu ni kuficha taarifa. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani haina upungufu wa unyevu. Maji yakiingia, kiwango cha kuchemka cha mafuta hayo hushuka. Dereva haoni tofauti mjini. Huiona kwenye mteremko mrefu, kama ule wa Kitonga mkoani Iringa, breki zinapopata moto, mafuta yakachemka na pedali ikazama mpaka chini. Kubadilisha mafuta ya breki kila miaka miwili na kushuka mlima kwa gia ndogo, hata kwa gari la otomatiki, huondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo. Kuteremka kwa gia huru ili kuokoa mafuta ni mzaha wa kuua, na eneo la Salgaa kati ya Nakuru na Eldoret limejulikana kwa ajali za malori yaliyofanya hivyo.

Tairi lina tarehe ya kuzaliwa. Kwenye ubavu wake, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, huwa na tarakimu nne: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa limezeeka, mpira umekauka na kupasuka nyufa ndogo, tayari kupasuka lote kwenye lami ya moto ya mchana. Watengenezaji wengi huweka miaka kumi kuwa ukomo, bila kujali muonekano. Ndani ya mifereji kuna vinundu vya alama ya kuchakaa. Kashata ikilingana navyo, tairi ni kipara. Upepo hupimwa asubuhi kabla ya safari. Kiwango kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, mara nyingi kwa kilopaskali, ilhali pampu za vituo vya mafuta husoma PSI. Kilopaskali 220 ni PSI 32 hivi. Tairi linalolika upande mmoja, au gari linalovuta upande mmoja, ni habari kuhusu alaimenti, bolijointi na bushi, na huko huenda fundi. Vivyo hivyo mlio wa ko-ko-ko wakati wa kukata kona, ambao kwa kawaida hutoka kwenye shafti za magurudumu ya mbele, na mvumo unaokua kadiri mwendo unavyoongezeka, ambao mara nyingi ni beringi.

Taa ya injini kwenye dashibodi imezalisha biashara yake. Mashine huchomekwa, namba hutoka, na spea hununuliwa. Lakini namba inayosomwa huonyesha mahali kompyuta ilipoona vipimo visivyolingana. Haitaji spea iliyokufa. Namba ya kihisi cha oksijeni inaweza kutokana na mpira wa hewa uliopasuka, plagi mbovu au waya ulioliwa na panya, huku kihisi chenyewe kikiwa kizima. Fundi wa umeme anayestahili malipo hupima kwanza, na hueleza alichopima. Anayefuta namba ili taa izime na gari liuzwe hajatengeneza kitu. Taa isiyopepesa huruhusu kuendesha kwa upole mpaka gereji; inayopepesa huashiria kwamba petroli haiungui sawasawa kwenye silinda, na inaunguza kifaa cha kusafisha moshi.

Taa ya mifuko ya hewa hupuuzwa kuliko zote, kwa kuwa gari hutembea vilevile. Ipo pia hatari ambayo taa hiyo haiionyeshi. Mifuko ya kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika mwaka 2017, iliwekwa kwenye mamilioni ya magari ya chapa nyingi, na kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Ikilipuka kupita kiasi, hurusha vipande vya chuma. Barua za kuyaita magari hayo yarudishwe kutengenezwa zilitumwa kwa wamiliki waliosajiliwa, na gari lililouzwa ng'ambo huikosa barua yake. Kwa namba ya chesisi, watengenezaji wengi huwezesha kuangalia kama gari limeitwa. Kufungua mfuko wenyewe ni kwa fundi aliyefunzwa tu.

Vivyo hivyo kwa magari ya mseto, kama Prius na Aqua. Nyaya zake za rangi ya chungwa hubeba zaidi ya volti 140, na fundi umeme wa kawaida hana vifaa vya kuzigusa. Mwenye gari anaweza kufanya moja la maana: kusafisha tundu la hewa la betri kuu lililo karibu na kiti cha nyuma. Likizibwa na vumbi au mizigo, betri huchemka na kufa mapema.

Wakati wa masika, maji yanapofunika barabara ya Jangwani jijini Dar es Salaam, kosa hufanyika kwa sekunde moja. Gari huzimika majini, na dereva hupiga stata. Maji hayabaniki kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, pistoni huyagonga na mkono wake hupinda. Gari lililozimika majini husukumwa au huvutwa, na plagi hufunguliwa na fundi kabla ya jaribio lolote la kuliwasha.

Kuhusu fundi mwenyewe, ukubwa wa gereji hausemi mengi. Wapo mafundi wa chini ya mwembe wanaoijua aina moja ya injini kuliko karakana yenye vigae. Cha kutazama ni kama anauliza maswali kabla ya kufungua, kama anataja gharama kabla ya kuanza, na kama anakubali gari lijaribiwe barabarani kazi ikiisha. Mwenye gari naye aje na daftari lenye tarehe, kilomita, aina ya oili na spea zilizobadilishwa, kwa kuwa fundi wa leo hajui alichofanya wa jana. Spea iliyotolewa kwenye gari ni mali ya mwenye gari, na idaiwe kabla ya malipo.